Kodi ya Simu Imepanda, na Mimi Nimeifunika Blanketi

Ijumaa, mwezi wa tatu, 1979. Murukulazo.

Mvua imenyesha asubuhi, ikaacha, ikarudi mchana, ikaacha tena, kama mgeni anayeaga haondoki. Nguo zangu ziko kwenye kamba tangu juzi na bado zinanuka unyevu. Nimechoka, ila si uchovu wa jembe.

Leo walikuja kunikatia simu.

Simu yenyewe wala sikuitafuta mimi. Marehemu mume wangu, Baba Gervas, alikuwa karani wa kahawa, na ofisi ilimwekea simu hapa nyumbani ili aite malori msimu wa mavuno. Ushirika ulipovunjwa, ofisi ikaenda zake, karani akabaki, na simu ikabaki naye. Akasema atailipia mwenyewe. Nikamwambia, baba wewe, chumvi yenyewe inatushinda, simu utaiweza? Akacheka. Alipenda tu kuzungusha ule mpini na kumsikia binti wa mitamboni kule Ngara akisema "Namba tafadhali", hata kama hakuwa na mtu wa kumpigia. Kisha akafa, Mungu amrehemu, akaniachia migomba, kahawa kidogo, mtoto mmoja, na kodi ya laini.

Kodi ya laini ni pesa unayolipa ili simu iwepo tu mezani. Hujaongea na mtu, unalipa. Umeongea, unalipa tena juu yake. Mimi nilikuwa nesi miaka yote ile, nimezalisha nusu ya watoto wa kilima hiki, na sijawahi kumlipisha mama mjamzito eti kwa sababu kitanda kipo.

Tangu vita vianze kodi hiyo imepanda, ikapanda tena. Mwezi uliopita nilikwenda Ngara kulipa, kijana wa dirishani akaniambia imepanda kwa mara nyingine. Kwa nini? Vita, mama. Waya haupatikani, mama. Mafuta ya magari, mama. Nikamwuliza, nikikataa je? Akasema tutakata. Nikamwuliza kama hakuna shirika lingine la simu nikahamie huko. Alicheka yule kijana mpaka akaweka kalamu chini.

"Labda ukaulize Burundi, mama."

Nilitoka pale nimevimba. Njia nzima naongea peke yangu, watu wananipisha. Duka la kijiji likikosa sabuni, angalau siku ya gulio nitakwenda Kabanga, na hapatakosa mama wa Kirundi mwenye kipande chake chini ya kitenge. Bei itauma lakini utachagua. Simu utaipata chini ya kitenge cha nani? Wanajua huna pa kwenda, ndiyo maana wanakupandishia huku wanakucheka.

Na kinachoniuma zaidi ni nguzo.

Wakati wa kuleta waya kutoka barabara kuu mpaka hapa kwangu, shirika lilisema nguzo hazipo, tutafute wenyewe au tungoje. Baba Gervas hakuwa mtu wa kungoja. Akazungumza na mwenyekiti wa kijiji, ikawa kazi ya kujitolea, watu wakatoka na mapanga yao. Sasa siku ile ile kulikuwa na kupalilia shamba la ujamaa, kila mtu ana haraka, nani atakwenda msituni kutafuta miti mikavu? Wakakata mivumu, miti yetu ya kupanda uani. Kila mmoja akakata kwenye muvumu wa uani kwake, au wa jirani kama hana wake, akachimba shimo kwenye kiwanja chake pale waya utakapopita, akasimamisha. Mafundi wa shirika wakaja, wakafunga waya, wakasifu, wakaondoka.

Mtoto wa shule huku kwetu angewaambia. Muvumu haufi. Ukichomeka kijiti chake ardhini, kinashika. Masika ya kwanza nguzo zikatoa majani. Masika ya pili zikatoa matawi, na waya ukapotelea humo ndani. Ndege wamejenga. Mvua ikinyesha sauti kwenye simu inakwaruza, binti wa Ngara ananiambia Mama Nesi ongea kwa nguvu, namwambia naongea na wewe kupitia msituni.

Tulicheka sana wakati ule. Baba Gervas alisema sisi ndio watu pekee Tanzania nzima wenye simu inayohitaji kupogolewa.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Habari yenyewe ni Gervas.

Mwanangu alikwenda na mgambo wenzake vita vilipoanza. Walipanda lori pale kwa mwenyekiti wakiimba, na yeye haimbi vizuri hata kidogo, lakini nilimsikia. Mara ya mwisho alipiga simu kutoka Bukoba, kabla hawajavuka kumfuata nduli kwake Uganda. Laini ilikuwa mbaya. Nilisikia maneno mawili matatu tu: "Mama, usiwe mbali na simu."

Tangu siku hiyo sijalala nje ya nyumba hii. Dada yangu kule Biharamulo aliugua, sikwenda. Harusi nimekosa. Nililipa kodi ilipopanda, nikalipa ilipopanda tena, na sikulalamika kwa mtu, kwa sababu kila shilingi niliyotoa nilijiambia hii ni ya sauti yake.

Halafu ikalia kwa ajili ya mtu mwingine.

Ilikuwa mwezi wa kwanza unaisha. Afisa mmoja wa mkoa alipiga kutoka Bukoba, akamtaka mwenyekiti wetu wa kijiji. Nikamtuma mtu shambani, mwenyekiti akaja na matope miguuni, akashika mkonga wa simu, akasikiliza. Aliitika "ndiyo" mara nyingi. Alipoweka mkonga chini hakuniangalia. Akasema, "Mama Nesi, jifunge kitenge twende wote, mimi peke yangu siwezi."

Tukashuka kilima tukifuata nguzo, mti hadi mti, mpaka ule wa mwisho karibu na barabara, kwa Mama Anatoli. Alikuwa anaanika maharage. Alituona tangu mbali, wawili, mwenyekiti na nesi, tunakuja bila kuongea. Alijua kabla hatujafika uani. Anatoli nilimpokea kwa mikono yangu mimi, alitoka miguu kwanza, tukasumbuka naye usiku kucha. Na ni mimi niliyekwenda kumwambia mama yake kwamba amebaki huko Uganda.

Tuliporudi nyumbani nikaitazama ile simu mezani, na kile kitambaa cha kufuma nilichoifunikia kwa heshima, nikaichukia. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema. Niliichukia kama mtu anavyomchukia mchawi wake.

Nikachukua blanketi la Gervas kitandani kwake nikaizungushia, mara mbili, nikakaza. Ikilia sasa inasikika mbali, kama inalia kwa jirani.

Kodi ilipopanda mwezi uliopita, nilivimba, ndiyo. Lakini nilipofika nyumbani nikagundua ndani ya ile hasira kuna kitu kingine, na kitu hicho ni nafuu. Wakikata, haitalia tena. Isipolia, hakuna wa kuniambia kitu. Gervas atabaki pale pale nilipomwacha, Bukoba, anapiga kelele kwenye laini mbovu.

Kwa hiyo sikulipa.

Na pesa ninayo. Niliuza kahawa yangu, pesa imo kwenye kopo chini ya kitanda. Jumapili nje ya kanisa, watu wakiniuliza habari za simu, nikasema kodi imenishinda. Nilisema nimeinamisha macho, na wote wakanionea huruma. Mzee Bigirimana, jirani yangu wa hapo chini, aliyekuja kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji akiwa na watoto na sufuria moja, alitikisa kichwa akasema "Yoo, mama." Nikaona haya, lakini si haya ya kunifanya nilipe.

Juzi Jumatano ililia. Niliisikia ndani ya blanketi. Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Niliweka kisu chini, nikatoka nje, nikasimama katikati ya migomba nimeziba masikio kama mtoto mdogo anayeogopa radi. Mimi, mtu mzima, nesi. Nilikaa huko mpaka ikanyamaza.

Leo asubuhi ndipo akaja fundi. Jina lake Kasiani, Msubi wa Biharamulo, kijana wa heshima, baiskeli imejaa matope mpaka kwenye kengele. Shikamoo mama, marahaba, karibu. Akaanza kuzunguka maneno. Anasikitika. Yeye ametumwa tu. Aondoe simu, na waya nao aukunje wote mpaka barabarani, unatakiwa kwingine kwa ajili ya vita.

Nikamwambia, "Kata, mwanangu."

Alinitazama sana. Nadhani amezoea watu wanaomlilia. Akanywa kikombe cha uji nilichompa, akasema ataanzia nje na waya, simu yenyewe ataichukua mwisho. Akatoka na panga lake la kufyekea matawi. Mimi nikakaa kitini nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru. Nilisema asante Mungu, yamekwisha.

Hayakwisha. Nikasikia sauti ya Mzee Bigirimana nje.

Nilipotoka nikamkuta mzee kaegemea nguzo ya kwanza, ile iliyo kwenye kiwanja chake, na koti lake la mvua la gunia kichwani. Kasiani amesimama mbele yake na panga.

"Waya ni wa shirika," mzee anasema, taratibu kabisa. "Ukunje. Lakini muvumu huu niliupanda mimi. Kiliponipokea kijiji hiki sikuwa na mti hata mmoja. Huu ndio wa kwanza."

Mtu wa mjini hawezi kuelewa. Huku kwetu mtu akijenga anapanda muvumu, na mti ukishika, mji wake, yaani boma lake, umeshika. Hata mwenye nyumba akifa, mti unasema hapa palikuwa kwa fulani. Kumkatia mwenzako muvumu wake ni kumwambia mji wake umekufa. Na waya umezama kwenye matawi, hauwezi kutoka bila kukata. Kasiani alilijua hilo vizuri kuliko mimi, Wasubi nao wana yao. Nilimwona akilishusha lile panga polepole akaliegemeza kwenye baiskeli.

"Mzee, mimi baba yangu naye ana muvumu wake," akasema. "Huo siukati. Lakini mimi nitawaambia nini mabwana wa Ngara?"

"Waambie kodi imelipwa."

Nikashtuka. Imelipwa na nani?

Ndipo nikawaona wanapanda kilima. Majirani zangu, wale ambao waya unapita kwao, wamejifunika magunia na majani ya migomba kwa ajili ya mvua. Kumbe tangu Jumapili walikuwa wamekaa wakazungumza bila mimi. Hoja yao ilikuwa rahisi: laini ni ndefu, laini inashikwa na miti, kila mti una mwenyewe, basi kila mwenye mti alipie mti wake. Jana walikwenda gulioni Kabanga, huyu na maharage, huyu na kuku, huyu na mikungu ya ndizi. Kila mmoja akaja mbele yangu akafungua fundo la nguo yake akaniwekea mkononi.

Jamani. Mikono yangu ilijaa, nikawa sijui niiweke wapi.

Nikaanza kukataa. Nikasema hapana, simu ni yangu, deni ni langu, msinifanye ombaomba. Mzee Bigirimana akanikatisha, na huwa hanikatishi kamwe.

"Mama Nesi, simu ni yako. Watoto ni wa nani?"

Wana watoto wao huko vitani, wengi wao. Kila gari likipita kule chini wanatazama juu kwangu, wanasikiliza. Mimi nilidhani kengele ile ni jini langu peke yangu.

Nikaingia ndani kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja, na sipendi kulia mbele ya watu niliowazalisha. Nikakuta mtu amekaa.

Mama Anatoli. Alikuwa amepita mlango wa nyuma. Amekaa kwenye kigoda karibu na meza, anaitazama ile simu iliyovalishwa blanketi. Naye alikuwa na fundo lake kwenye ncha ya kanga. Mti wake ni ule wa mwisho, karibu na barabara, na waya unapita juu ya kahawa yake.

Hakunisalimia. Akasema, "Imepata baridi?"

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote. Nikamwambia kodi haijanishinda, pesa ninayo, iko kwenye kopo.

"Najua," akasema. "Siku unauza kahawa mimi nilikuwa nyuma yako kwenye mizani."

"Na wenzako wanajua?"

"Hawajui. Waache wasijue. Hizo zako zitalipia miezi inayokuja, vita havijaisha, na hawa watu wa Ngara watapandisha tena."

Nikamwuliza, basi kama unajua, kwa nini umekwenda Kabanga kwenye mvua hii na huo mguu wako unaouma? Wewe unalipia simu ya nini? Niliuliza vibaya, ulimi wangu huu. Nilitamani kuurudisha nyuma.

Alifungua fundo lake, akaweka pesa mezani, karibu kabisa na blanketi.

"Mimi yangu ilishalia, mama," akasema. "Yako bado."

Tulilia. Si kwa sauti. Yeye alilia kidogo, mimi ndiye niliyelia sana, na yeye ndiye aliyenishika bega. Mambo yamegeuka chini juu katika nyumba hii, mfiwa anambembeleza ambaye hajafiwa.

Kasiani akabisha hodi. Akasema yeye haruhusiwi kupokea pesa, kulipa ni dirishani, na dirisha halifunguliwi mpaka Jumatatu. Alikuna kichwa. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye mlango:

"Leo nimekuja hapa, mama, lakini sikukukuta nyumbani."

"Niko hapa, mwanangu."

"Hukuwepo. Nyumba ilifungwa. Siwezi kuchukua simu kwenye nyumba iliyofungwa." Akavaa kofia yake. "Jumatatu asubuhi uwe dirishani kabla sijaulizwa. Na hiyo miti mniruhusu siku moja nije niipogoe tu, kwa adabu, na mwenye mti awepo."

Mama Anatoli akamwambia kwake kuna kivuli na ndizi za kuchoma, aje. Akaondoka na baiskeli yake akiisukuma kwenye utelezi, na Mzee Bigirimana akimsindikiza kama mkwe.

Wote walipoondoka, alibaki Mama Anatoli. Akanitazama, akaitazama simu. Nikasimama, nikafungua blanketi. Lilikuwa linanuka vumbi, na bado kwa mbali lina harufu ya Gervas. Nikaweka mkono kwenye mpini nikauzungusha, nihakikishe tu kama laini ipo hai.

"Ngara," ikasema sauti ya Leokadia, binti wa mitamboni. Kisha akanitambua. "Mama Nesi! Simu yako ilikuwa na nini? Juzi Jumatano nilikuita mpaka nikachoka. Kulikuwa na mtu anapiga kutoka Bukoba."

Nikamwuliza ni nani.

Mtu huyo hakutaja jina. Laini ilikuwa mbaya sana, alisema Leokadia. Sauti ya mwanaume. Alipoambiwa haipokelewi, akasema atapiga tena kesho Jumamosi, asubuhi.

Sauti ya mwanaume. Gervas ana sauti ya mwanaume. Yule afisa naye ana sauti ya mwanaume.

Nimemwuliza Leokadia mara tatu ilikuwaje, ilikuwa ya kijana au ya mtu mzima, ilicheka, ilikohoa. Maskini hajui, na mimi namlaumu nani? Nilikuwa mita chache kutoka hapa, kwenye migomba, nimeziba masikio.

Mama Anatoli amekwenda kufungia mbuzi wake. Amesema kesho atakuja mapema, kabla ya chai, na nisimwambie hapana. Sijamwambia hapana. Mvua imeacha tena, na kutoka hapa nilipokaa naona ile miti ikishuka kilima mmoja mmoja mpaka kwake, inadondosha maji.

Blanketi nimelirudisha kitandani kwa Gervas, nimelitandika vizuri, nimekunja pembe kama hospitalini.

Kesho ikilia, nitaitika.